Duka Limekaa Eda ya Nani?

Mzee Shabani,

Shikamoo. Najua marahaba sitaipata, lakini mdomo umezoea, na mkono nao umefuata mdomo.

Huku Tukuyu mvua haijatuacha. Asubuhi ukungu unashuka mpaka kwenye vizingiti, mtu wa ng'ambo ya barabara unamtambua kwa kikohozi chake. Mtaa wetu uko pale pale, kuanzia stendi kupanda juu hadi kwa Gwakisa wa viatu. Na mimi, Mama Lusajo wako wa cherehani, wamenitwika uenyekiti wa wafanyabiashara uliouacha. Nilikataa. Wakasema huyu ameshona barazani kwa mzee miaka yote ile kabla hajapata duka lake, lazima atakuwa ameiba akili zake. Hawajui kwamba nilichoiba ni ile sauti yako ya kufoka tu.

Amri zako tunazifuata, wengine kwa kunung'unika. Baraza linafagiliwa kabla mlango haujafunguliwa. Akina mama wa ndizi wanakaa mbele ya maduka bila kufukuzwa, maana ulisema anayekuja kununua ndizi ana macho, ataliona na jembe. Na neno "hakuna" bado ni marufuku. Mteja akikosa kitu kwako unatoka mwenyewe, unampeleka mpaka kwa jirani aliye nacho. "Akisikia hakuna mara mbili," ulikuwa unatuambia, "ya tatu ataisikilizia ndani ya gari la Mbeya." Nilivyokuchukia siku ile uliponilazimisha nimpeleke mteja wangu wa sare za shule kwa Tumaini, ambaye hata salamu tulikuwa hatupeani! Nilimpeleka nimenuna, midomo nje kama bata. Leo nikienda kliniki na presha yangu, Tumaini ndiye anayenishikia duka.

Lakini ninachotaka kukuambia hasa ni habari za mlango wako.

Tulipokuzika, Bi Mwanaidi akaingia eda. Miezi minne na siku kumi mkeo yumo ndani ya nyumba, nyuma ya duka, na duka lako la majembe na misumari likapigwa lile kufuli lako kubwa. Sisi Wakristo wa mtaani tukanyamaza. Tukaona ni jambo la dini yenu, tusije tukatia mguu pasipotuhusu. Siku za mwanzo hapakuwa na neno. Baadaye nikaanza kuona kile ulichokuwa unakihofia. Watu wanapanda kutoka stendi, wakifika kwenye mlango wako uliofungwa wanatazama, wanageuka. Wanadhani maduka yameishia hapo. Gwakisa akawa anashinda akipangusa viatu vile vile alivyopangusa jana.

Kisha mwenye nyumba akaanza kupitapita. Aliniambia kwa upole, maana si mtu mbaya, kwamba fremu ya duka haiwezi kukaa imefungwa muda wote huo, na kuna mtu anaitaka aifanye stoo ya saruji. Stoo, mzee! Mlango usio na cha kuonyesha, katikati ya mtaa wetu. Na Bi Mwanaidi akitoka eda, atoke aende wapi, wakati hilo duka ndilo lililobaki la kumlisha? Nilienda kwake mara nyingi kumjulia hali, nikampelekea maziwa, nikakaa kwenye mkeka, tukaongea habari za mvua. Kila mara nilirudi na maneno yangu tumboni. Utamwambiaje mwanamke aliyefiwa kwamba na duka nalo linaondoka?

Basi siku moja, mvua imekaza, akaja bibi mmoja kutoka Kawetele anatafuta tambi za jiko la mchina, lile la mafuta ya taa. Mimi ni mtu wa nguo, tambi nizitoe wapi? Sikufikiri hata kidogo. Nilichukua mwavuli, nikamshika mkono, nikampandisha mpaka kwako. Mzee, nilikuwa nimeshafungua mdomo kukuita. Ndipo nikaliona kufuli.

Yule bibi akauliza, "Kwani mwenyewe leo yuko wapi?" Nikaangua kilio pale pale barazani, kama ndiyo kwanza naletewa habari za msiba. Maskini, amekuja kutafuta tambi, akaishia kunibembeleza kwa Kinyakyusa huku mwavuli umeanguka na sote tunalowa.

Bi Mwanaidi alinisikia. Akagonga mlango wa uani akaniita ndani. Nikamwaga yote, tambi, fremu, saruji. Nilidhani atalia pamoja nami. Alinitazama kama mtu anayemtazama mtoto aliyechelewa kusema. "Mama Lusajo," akasema, "aliyekaa eda ni mimi. Duka limekaa eda ya nani?" Akaingiza mkono chini ya mto, akanipa ufunguo. "Tambi ziko kwenye bati la biskuti, nyuma ya misumari. Kampe bibi wa watu, amelowa."

Tangu siku hiyo mlango wako haujashinda umefungwa, isipokuwa Jumapili. Mimi nilihamishia cherehani kwako, na wenzangu wanakuja kwa zamu kunisaidia. Gwakisa alimuuzia fundi misumari ya bati kwa kazi ya kitanda, tukacheka mpaka fundi mwenyewe akacheka. Tukikwama, mimi au Tumaini tunapita uani kumuuliza mkeo, maana wanaume hawaingii. Anajibu bila kufikiri. Kumbe mzee, ile sifa yako ya kujua kila parafujo ilipo, ulikuwa unapenyezewa kutoka uani! Mauzo tunampelekea jioni, anayapokea, anatuombea dua.

Mwenye nyumba alikuja na mtu wake wa saruji siku ya mvua. Akakuta baraza limejaa waliojikinga, na ndani watu wanachagua makoleo. Akanunua balbu, akaondoka na mgeni wake. Siku ya pili aliniambia fremu ni ya Bi Mwanaidi. Watu wanapanda tena hadi juu.

Sasa nikuambie kinachonifanya nishike kalamu. Keshokutwa mkeo anatoka eda. Nafurahi kwa ajili yake, Mungu anajua. Lakini tangu kile kilio cha barazani sijalia tena, na juzi ndiyo nimejua sababu. Nikiwa kwenye duka lako, kila anayeingia anakutaja, nami nawajibu kama mtu aliyeshikishwa duka kwa muda, mwenyewe ameenda msikitini anarudi sasa hivi. Wenzangu walikuzika siku ile. Mimi nilikuwa bado nakungoja.

Keshokutwa asubuhi nitampa Bi Mwanaidi ufunguo mkononi, nibebe cherehani yangu, nishuke kwangu. Nakuahidi sitatafuta kisingizio cha kubaki hata kwa siku moja, ingawa nafsi inanituma nitafute. Nitalia nikifika, na Tumaini nimeshamwambia asinizuie.

Nenda sasa, baba. Duka lina mwenyewe.

Mwanao,
Mama Lusajo