Wake Wawili wa Babu Cornelius

Jumatatu, 13 Januari

Shangazi Nóra ameamua. Anataka kuzikwa na bibi yake kwenye makaburi ya zamani ya Kilgarve. Hayataki haya mapya — "nilale milele kando ya gereji ya matrekta?" Alilala na bibi huyo kitanda kimoja mpaka alipofika miaka saba. Sasa ana tisini na mitatu, na daktari anahesabu wiki, si miezi.

Lakini Kilgarve kulifungwa zamani. Ofisa wa kaunti anasema atazikwa huko yule tu atakayethibitisha, kwa karatasi, kwamba ni damu ya aliyemo kaburini.

Nikamwambia shangazi: nipe siku tatu. Miaka arobaini ya uandishi wa habari! Nimewafukuzia mawaziri mpaka vichochoroni. Bibi mmoja aliyekufa atanishinda?

Alhamisi, 16 Januari

Siku ya tatu. Amenishinda.

Daftari la makaburi: kaburi namba 14, Abigail Twomey, amekufa 1938. Vizuri. Cheti cha ndoa cha mumewe, Babu Cornelius, 1874: amemwoa Deborah Herlihy. Sensa ya 1901: mke Abigail, miaka 47. Sensa ya 1911: mke Deborah, miaka 70. Nyumba ileile, mume yuleyule, watoto walewale.

Hakuna anayezeeka miaka ishirini na mitatu ndani ya miaka kumi. Kwa hiyo ni wanawake wawili. Nimeandika WAKE WAWILI na kupiga mstari mara mbili. Enzi zangu za uhariri, aliyeniletea habari kama hii bila kumpigia simu hata mtu mmoja ningemrudisha dawatini.

Jumapili, 19 Januari

Nimetangaza. Mezani kwa shangazi, katikati ya nyama ya nguruwe na kabichi.

"Babu yangu? Wake wawili?" Akaweka uma chini. "Mtu aliyeshindwa kulisha punda wawili?"

Nikamweleza sensa. Akasema sensa haikuwahi kupika kwenye nyumba ile.

"Basi bibi aliitwa nani?"

"Bibi. Tulimwita Bibi."

"Jina, Shangazi. Jina lake."

"Kula viazi vyako, Donncha."

Nina miaka sitini na saba. Nikala viazi.

Jumatano, 29 Januari

Parokia tatu. Hakuna kifo cha Deborah, hakuna ubatizo wa Abigail. Mke mmoja hakufa, mwingine hakuzaliwa. Sensa za zamani zaidi hazipo: nyingine ziliungua Dublin, nyingine serikali ilizisaga kuwa karatasi mpya.

Shangazi hali tena ila supu. Leo alifungua jicho moja: "Wa tatu hujampata bado?"

Jumanne, 11 Februari

Sikukuu ya Mtakatifu Gobnait. Baridi ya kukata masikio. Nilimfuata Mossie Cronin kwenye kisima cha mtakatifu huyo, akikizunguka na kusali rozari yake. Tarishi mstaafu wa posta, anajua kila nyumba na kila ugomvi. Nikamnong'oneza kashfa ya Babu.

Alisimama. Akacheka mpaka akashikilia ukuta.

"Donncha, we mpumbavu. Leo sikukuu ya nani?"

"Gobnait."

"Na Gobnait, jina la lugha ya wazee wetu, akiandikwa Kiingereza, anaandikwa nani?"

Nikatoa kalamu.

"Abigail! Au Deborah. Kutegemea nani kashika kalamu. Mama yangu alikuwa Abigail kanisani, Deborah shuleni, na Gobnait akiitwa kula."

Na ile miaka sabini? Akafuta machozi. Pensheni ya wazee ilianza 1909, kwa waliofika sabini. Nusu ya kaunti ilizeeka kwa mkupuo.

Kwa hiyo Babu alikuwa na mke mmoja, mwongo wa umri. Nilimwomba Babu msamaha palepale, kimoyomoyo. Mossie asingekubali kusikia bila kueneza.

Jumatano, 12 Februari

Ofisa amekubali! Anasema anapokea kesi mbili za Gobnait kila mwezi, zote zimeletwa na wasomi. (Hakunitazama.) Zimebaki karatasi mbili: cheti cha kuzaliwa cha shangazi, na fomu ambayo yeye mwenyewe ataandika jina lake kama lilivyo kwenye cheti, herufi kwa herufi. Mwisho kesho saa kumi jioni.

Kwenye daftari la vizazi, Nóra Twomey, 1931: hayupo. Nyumba ileile, Machi mwaka huohuo, mtoto wa kike — Abigail.

Safari hii sikumhitaji Mossie.

Alhamisi, 13 Februari

Nimeweka cheti kifuani pake.

"Ulijua."

"Jina langu mwenyewe? Nilijua." Pumzi. "Nilikwenda shule Cork mjini. Gob, kwa Kiingereza cha wale wasichana, ni domo. 'Domo, njoo! Domo, funga mlango!' Likizo ya kwanza nikarudi nyumbani nikiwa Nóra. Hata baba yako hakuthubutu kulitamka lile."

"Ungeniambia Januari."

"Ungetangaza mezani."

Kweli.

Nikamwambia mambo ni rahisi: fomu inataka Abigail. Aandike Abigail, hakuna atakayemwita Domo, na padri atasoma hivyohivyo siku ya mazishi.

"Abigail ni nani? Mimi sijawahi kulala kitanda kimoja na Abigail."

Saa tisa na nusu. Ofisi ya kaunti ni dakika ishirini kwa gari. Ninaandika haya kando ya kitanda kwa sababu amenikataza kumtazama. Ninamtazama. Kalamu inakwenda. Ameandika G, si A.

Herufi kwa herufi, alisema ofisa. Fomu ninayo moja. Ningepaswa kumnyang'anya kalamu sasa hivi —

"Donncha. Baada ya O, B ni moja au mbili?"

Moja, Shangazi.