Fomu Niliyojaziwa

North Wilkesboro, 9 Aprili

Kaka yangu mpendwa Wade,

Nakusalimu wewe, wifi Annika na mapacha. Mguu unasemaje na baridi ya huko Duluth? Mimi mzima. Baba najua hutamuuliza, lakini nakwambia: yupo, na bado anakula livamashi yake ya maini ya nguruwe na mayai kila asubuhi, daktari akataze asikataze.

Mwezi wa pili nililetewa barua na chuo cha kufundisha uundaji wa injini za magari ya mashindano, kule Mooresville. Wananipongeza kwa kupata nafasi. Wade, sikuomba nafasi yoyote! Nikasema hawa ni matapeli. Jina langu wamelitoa wapi? Walijua hata kwamba niko karakana ya Baba tangu nina miaka kumi na miwili.

Nilimwonyesha Baba. Akaisoma, akanirudishia. "Chuo cha kufungulia nati," alisema. "Watakuvisha ovaroli safi wakupige picha, basi. Usiende." Unamjua Baba akipinga jambo, hadi mbwa hukimbilia chini ya gari. Safari hii alisema taratibu, kisha akainamia kabureta aliyokwisha kuisafisha. Nikaanza kumshuku na yeye.

Mwalimu mmoja wa chuo hicho, Stroud, akapiga simu mara mbili akinisihi nikaone tu. Dwight wa duka la vipuri akanicheka: "Wanatafuta mwanamke wa kumweka kwenye kipeperushi, Loralee. Umepatikana!" Niliamini nusu. Ijumaa nikaenda, nia yangu ikiwa kuwaumbua.

Nilitafuta ila kila kona. Nikamuuliza Stroud wanafunzi wake huishia wapi. Akanipa namba za watatu, nikawapigia palepale ukumbini, yeye akitazama. Wawili wanaunda injini kwenye timu za mashindano. Wa tatu anauza matairi. Huyo ndiye aliyenituliza kidogo, maana alisema, "Chuo hakina ubaya, dada. Mikono yangu ndiyo ilikataa."

Hata hivyo nilidai kuiona fomu ya maombi iliyojazwa kwa jina langu. Stroud akasitasita, akasema aliyeileta aliomba nisionyeshwe. Nikamwambia basi tusahauliane. Ndipo akaitoa.

Herufi kubwa, zote zimelalia kushoto. Mwandiko wa Baba. Palipoulizwa sababu ya kuomba, aliandika: "Binti yangu alikosea injini moja alipokuwa na miaka kumi na sita. Tangu siku hiyo hajathubutu kukaza bolti za ndani. Anasafisha, anapima, kisha ananiita mimi nimalizie. Ana mikono stadi kuliko yangu. Mfundisheni aache kuogopa."

Wade, sasa soma ukiwa umekaa.

Siku injini ya gari lako ilipopasuka kwenye mashindano pale uwanja wa udongo, oili ikamwagikia magurudumu ukagonga ukuta, Baba aliwaambia watu wote kwamba yeye ndiye aliyesahau kukaza bolti za konrodi, vile vyuma vinavyoshika pistoni. Si kweli. Nilikuwa nazikaza mimi. Uliniita nje nikaone helmeti yako mpya, nami nilikuwa nimebakiza mbili. Niliporudi nilizisahau hizo mbili, nikazipaka zote alama ya rangi, kama ishara kwamba zimekazwa. Kesho yake, wewe ukiwa hospitali, nilimwambia Baba. Akanijibu, "Nyamaza. Mimi ni mzee, nitabeba." Nikanyamaza. Ukaacha kuongea naye, miaka minane sasa, nami nikawa nakula naye meza moja kila siku.

Nilipotoka Mooresville nilimuuliza kwa nini alinikataza kwenda. Alisema, "Ungejua ni mimi, ungekwenda kunifurahisha mimi." Halafu akaniuliza kama mashine zao za kuchongea silinda ni nzuri. Nikamwambia ni nzuri sana.

Nimesaini. Naanza Jumatatu ya kwanza ya Juni. Lakini nilijiapiza sitashika spana ya mtu pale kabla wewe hujajua.

Nikasirikie mimi, ni haki yako. Hata usiponijibu nitaelewa. Ila mpigie Baba. Ongea kwa sauti, masikio yake siku hizi mazito, na usimwache akate simu kabla hujamwambia kwamba unajua.

Wabusu watoto, na umpe wifi salamu zangu za dhati.

Mdogo wako,
Loralee Cagle