Nyuzi Nilizoshona Kwenye Mwongozo Wako

Chumba cha nyuma,
Duka letu la dobi,
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa mwanangu Maswali,

Salamu nyingi zikufikie huko mbali uliko. U mzima? Mumeo na mtoto hawajambo? Kile kikohozi chako kimekuacha, au bado unalala umekaa? Sisi huku tunamshukuru Mungu. Goti langu linauma nikisimama sana mezani, ila goti linalotembea halilalamikiwi.

Baba yako alipita juzi, akala, akasinzia kwenye kiti cha mume wangu, marehemu mjomba wako. Ni mara ya kwanza mtu kukikalia tangu tumzike. Sikumwamsha. Nilifurahi kuona kiti kina mtu.

Mwanangu, naizunguka barua hii kama mteja aliyeleta shuka lenye doa. Ngoja niseme. Ule mwongozo wa programu ya duka uliouandika, ukanitumia niusome kabla haujachapwa, uliniomba niweke alama popote nitakapokwama. Niliurudisha ukiwa safi, hauna alama hata moja, nikakuandikia kwamba nimeelewa wote. Si kweli. Sikuvuka ukurasa wa kwanza.

Nawe ulifurahi. Ulitutumia nakala nyingine ya kukaa mezani, ukasema wakubwa wako kazini wameridhika: ikiwa shangazi ambaye hajawahi kugusa kompyuta amepita bila kujikwaa, basi mwongozo uko tayari kwenda kwa madobi wote, na wiki ijayo unachapwa. Nilipousoma ujumbe ule niliugeuza kifudifudi, kana kwamba kuna mtu ananitazama.

Niliona haya, mwanangu. Mimi ndiye niliyekufundisha herufi kwa vikaratasi vya nguo za wateja, umekaa juu ya furushi la mashuka, unauliza kwa nini hii iko hivi na ile iko vile, hadi mjomba wako akakubandika jina hilo la Maswali. Leo nikwambie kwamba ulichoandika wewe hakisomeki kwangu? Nilihofu utaniona nimezeeka ghafla.

Uongo ule ungebaki wangu peke yangu, ningeumeza. Lakini Bi Mvuke, mpiga pasi wetu, yule anayeimba akinyoosha kola, ndiye tuliyempangia kuanza kupokea nguo kwa kompyuta. Nilimkabidhi mwongozo, na kwa kuwa ulimi hauna mfupa, nikamwambia ni rahisi, mimi niliumaliza kabla chai haijapoa.

Akaacha kuimba. Nilidhani ni joto. Alhamisi nikamkuta amevua aproni yake, ameikunja vizuri kama ya mteja, ameiweka mezani.

"Dada, tafuta mwingine," aliniambia. "Wewe umeumaliza chai haijapoa. Mimi nimeusoma hadi macho yananiuma. Pasi naiweza, ila kichwa changu naona kimeshaungua."

Nilitamani ardhi ipasuke. Aibu yangu nilikuwa nimeivua nikamvisha mwenzangu, naye akaivaa akidhani ni saizi yake.

Nikamweleza yote, nikitazama aproni, si uso wake. Akachukua mkoba wake, nikajua sasa anaondoka kweli. Kisha akacheka. "Kumbe tuko wajinga wawili, na mimi nalia peke yangu. Si ungenialika?"

Unaukumbuka uzi wa mjomba wako? Mtu alipoleta nguo yenye doa, aliikunja doa likaingia ndani, tusilione. Mjomba wako aliikunjua taratibu, akashona uzi kando ya doa ili anayefua alione na kuliondoa kabla ya pasi. Doa likipigwa pasi limehamia humo, halitoki tena. Wala hakuwahi kumuuliza mtu limetoka wapi.

Basi ndivyo tulivyoufanya mwongozo wako. Tumeshona kwa sindano nyembamba kurasa zisichanike. Nyuzi nyekundu ni zangu, za buluu ni za Bi Mvuke. Baba yako anapanda basi kesho kuja huko, atakukabidhi mkononi.

Utaona nyekundu kwenye neno "sanidi", ambalo hatukulijua sote wawili. Utaona nyingine pale unaposema "kama tulivyoeleza", nasi tulirudi nyuma kutafuta tusione mlipoeleza. Za buluu karibu zote ziko kwenye neno "tu". Bonyeza tu. Fuata tu hatua hizi rahisi. Bi Mvuke anasema mtu akishindwa na jambo lililoitwa "tu", hathubutu tena kuuliza.

Uzi wa kwanza kabisa ni wangu, juu ya ukurasa wa kwanza. Umeandika: "Weka namba iliyotumwa kwenye simu ya mwenye duka." Programu yenu inamjua mjomba wako. Ndiye aliyejiandikisha, kabla hajaugua. Simu yake iko kwenye droo pamoja na miwani yake, na nimeizima tangu msiba. Niliusoma mstari huo, nikafunga mwongozo. Mengine yote niliyokuandikia niliyatunga.

Ijumaa Bi Mvuke aliichaji, akavuta kiti akakaa kando yangu. Ililia vilevile kama ilivyokuwa ikilia mfukoni mwake. Namba ilipoingia sikuiona vizuri kwa machozi, akanisomea yeye, nami nikaiandika kwa kidole kimoja. Tukaingia. Tulipokea shati lake mwenyewe kwa majaribio, na mpaka sasa limepotea humo kwenye kompyuta, ingawa lenyewe limetundikwa hapa nyuma yangu.

Nakuomba uwaambie wakubwa wako wasubiri, wasichape. Waambie shangazi yako alidanganya. Usinifunike. Na kwenye ukurasa wa kwanza, mwandikie yule ambaye mwenye simu hayupo tena. Usimwambie ni rahisi. Mwambie aanzie wapi, na kwamba si vibaya kumwita mtu akae naye.

Msalimie mumeo, fundi saa wetu, na mtoto umbusu kwenye kile kidevu cha mjomba wako. Msalimie mama yako, dada wa marehemu, ukimpigia. Bi Mvuke anakusalimu, amevaa aproni yake, anasema ukiziondoa zile "tu" atakupigia pasi bure maisha yako yote.

Mungu akulinde, abariki mikono yako, na akupe watu wa kukwambia ukweli mapema kuliko mimi.

Akupendaye, uso ukiwa umeinama,

Shangazi yako,
Mama Dobi