Injini Iliyokuwa Ndani ya Trekta la Baba

Nyumbani,
Chumba cha cherehani,
Jumapili, baada ya mvua.

Mpendwa mdogo wangu Kinanda,

Salamu nyingi, na pole na kazi. Hujambo? Kile kifua kimekuachia, au bado unakohoa kama nilivyokusikia kwenye simu? Sisi huku hatujambo kiasi chetu. Mama yako mkubwa anaendelea vizuri, isipokuwa magoti, ambayo huyagombeza kila asubuhi kama watoto watukutu. Macho yangu nayo yameanza kukataa kutunga uzi kwenye sindano, kwa hiyo nivumilie mistari ikipanda na kushuka.

Najua ungependa nikupigie. Lakini haya nikikuambia kwa simu utanikatiza kabla sijafika katikati, maana hatukukupa jina la Kinanda bure. Kaa kwanza, ndipo usome.

Unalikumbuka trekta la Baba pale bandani, nyuma ya ghala. Tangu tumzike, halijawashwa. Mwezi uliopita akatokea mtu anayekusanya mitambo ya zamani ya shamba, akataka kulinunua. Kaka Mkubwa akaanza kuligawa hata kabla halijauzwa, huyu paa la nyumba, yule ada ya shule. Mimi nikasema tungoje, hatujui hata ni trekta gani. Kile kibati cha kiwandani kiling'oka zamani, na Baba mwenyewe alikuwa analiongezea umri au kulipunguzia, kutegemea anazungumza na nani.

Basi mnunuzi akamleta mthamini. Mwanamke wa makamo, kavaa ovaroli, hana maneno mengi. Kaka akamtolea kiti kizuri cha sebuleni, hata hakukitazama. Alijilaza chini ya trekta kama mtu aliyefika kitandani kwake, akasugua gia-boksi mpaka namba zikaonekana, akatuambia umri wake na kwamba lilitoka kiwandani na injini fupi ya silinda tatu. Kisha akafungua boneti.

"Hii siyo injini yake," akasema. "Hii ni ya lori. Silinda sita."

Akatuonyesha jinsi boneti ilivyokatwa na kuungwa ili injini ndefu ienee, rejeta ilivyosogezwa mbele, na bamba la chuma lililochongwa kwa mkono kuunganisha injini na gia-boksi. Alipitisha kidole kwenye bamba lile kama ninavyopitisha mimi kwenye mshono wa fundi mwingine, natafuta kosa. Hakulipata. Akasema wakusanyaji wengi wanataka mtambo ulivyotoka kiwandani, kwa hiyo kubadilishwa injini kunashusha thamani. Lakini kazi safi kama ile ina watu wake, mradi ijulikane injini ilitoka wapi.

"Baba aliinunua mjini," Kaka akajibu haraka. Ndivyo tulivyoambiwa sote.

Mthamini akachovya kitambaa kwenye dizeli, akasugua ubavuni mwa injini, chini ya ile rangi ya kijivu aliyoipaka Baba. Kijivu kikatoka, ikabaki buluu. Mdogo wangu, buluu ile unaijua. Baba yako, Baba Mdogo wetu, aliichanganya mwenyewe kwa mabaki ya makopo, akapaka mlango, ndoo, baiskeli, na ule mkebe wako wa shule uliokuwa unauficha ndani ya sweta. Akapaka na lori lake zima. Rangi mbaya kiasi kile haina mwenyewe mwingine duniani.

Mama ndiye aliyesema, akiwa kwenye kiti chake pale mlangoni.

"Hiyo ni injini ya shemeji yangu. Mwacheni mama wa watu amalize kazi, halafu nitawaambia."

Akatuambia. Mwaka ule Baba alikuwa amewaahidi nusu ya majirani kuwalimia, na mvua ikaanza kunyesha. Kwa haraka zake akaliendesha trekta bila maji, injini ikapasuka. Baba yako akaliingiza lori lake bandani, wakafunga mlango, wakaifanya kazi ile wao wawili. Bamba lile ni mkono wa baba yako. Trekta likatoka na sauti nene, watu wakampigia Baba makofi, na gamba la lori likaenda kwa wauza chuma chakavu. Makubaliano yalikuwa Baba amtafutie ndugu yake injini nyingine baada ya mavuno. Mavuno yakaja, na mengine yakaja.

Watu walipouliza lori liko wapi, baba yako alisema ameliuza. Wengine wakatia chumvi, kwamba amelinywa, amelihonga. Mtu ambaye kinywaji chake kikali kilikuwa chai ya rangi isiyo na sukari! Mama anasema alimsihi aseme kweli, naye akamjibu kwamba mkubwa akijulikana ameokolewa na mdogo wake, nani atampa heshima? Mama akaombwa anyamaze. "Nikanyamaza," alisema, "mpaka nikasahau kwamba nanyamaza."

Na sisi tulikuwa na macho ya nini? Kila trekta lilipowashwa, baba yako alikuja kukaa kwenye ukuta mfupi wa uani, kichwa kainamisha. Siku nyingine alimwambia Baba injini inakohoa upande wa nyuma, na ikifunguliwa inakutwa kweli. Tulisema mzee hana kazi ya kufanya.

Namkasirikia Baba, na hasira juu ya maiti ni kazi bure. Unaikumbuka siku uliyoondoka. Ulisimama sebuleni kwetu na begi mkononi, ukamwambia baba yako mbele yetu kwamba amekula lori na amekula na maisha yako. Baba alikuwa amekaa pale pale, anatazama viatu vyake. Neno moja lake lingetosha. Hakulisema. Na baba yako akakuambia, "Safari njema, mwanangu."

Hukuja kumzika. Sikulaumu, uliamini tulichoamini sote. Ndiyo maana nimezunguka na kalamu hii wiki nzima. Nilijiambia, hasira ameshaizoea, majuto yatakuwa mapya kwake, heri nimwache. Lakini Mama ameficha miaka yote hiyo, na umeona faida yake.

Kaka Mkubwa, na unajua anavyojipenda, alikwenda nyuma ya ghala akalia. Aliporudi alimwambia mnunuzi hakuna biashara mpaka wewe useme. Injini ni yako. Trekta bila injini ni mzigo wa chuma tu, kwa hiyo nalo linakungoja. Ukitaka liuzwe, litauzwa, na jina la baba yako litatajwa kwa mnunuzi kama fundi wake. Ukitaka libaki, nitalifagilia banda mwenyewe.

Alhamisi nilikwenda kaburini kwa baba yako. Nilipalilia, kisha nikamwomba radhi kwa niaba ya Baba, ya Mama, ya Kaka na yangu. Nikataka kuomba na kwa niaba yako, nikashindwa. Hilo siwezi kukusemea.

Mama anakusalimu sana, na Kaka na mkewe pia. Nisalimie mkeo, na umbusu binti yako. Mwambie babu yake alikuwa fundi. Mungu akutunze huko uliko, na akupe moyo wa kurudi nyumbani.

Wako nikupendaye, leo kuliko jana,
Dada yako wa cherehani.