Friji Lililotupwa Isamilo

MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo kidogo cha Polisi, Kirumba, Mwanza
Tarehe: 15 Septemba 1995, saa 2:40 asubuhi

Jina: Modesta Shimba
Umri: Miaka 39
Kabila: Msukuma
Kazi: Muuza samaki, Mwaloni
Makazi: Kirumba, nyuma ya uwanja wa mpira
Kuhusu: Tuhuma ya wizi wa friji, mtuhumiwa Nkwabi Malale

Mimi niliyetajwa hapo juu nimekuja kituoni kwa miguu yangu, sikuitwa na askari yeyote. Nimeonywa kuwa nikisema uongo nitashitakiwa, nami nimekubali.

Namfahamu Nkwabi Malale tangu mwaka 1981. Tulikuwa wote kiwanda cha nguo, yeye fundi wa mitambo ya kufuma, mimi kwenye nyuzi. Mwaka 1993 tulipunguzwa kazini siku moja. Majina yalibandikwa ukutani, lake na langu yakiwa kwenye karatasi moja. Mimi niliingia kwenye samaki. Yeye alitengeneza mkokoteni, akaanza kupita majalalani.

Anaokota vitu ambavyo watu hawavitaki: viti vilivyovunjika mguu, sufuria zilizotoboka, nyaya, kandambili zilizokatika, magodoro yaliyolika na panya. Anavipeleka kwake, anavitengeneza. Siku hizi maduka yamejaa vitu vya nje, na watu wanatupa vya zamani hata kabla havijachakaa. Wapo waliomcheka, mtu aliyewahi kuvaa bwelasuti ya ufundi kuonekana ameinamia taka. Mimi pia nilimcheka mara moja, mbele ya wenzangu Mwaloni, na naomba hilo liandikwe.

Katika kumfahamu kwangu kote hajawahi kugusa kitu kabla ya kuuliza. Hata kikiwa jalalani, kikiwa karibu na nyumba ya mtu, atapiga hodi kwanza.

Mnamo tarehe 14 Juni 1995, siku ya Jumatano, majira ya saa nne asubuhi, nilikwenda Isamilo kwenye nyumba ya Bwana Elias Chenge, mfanyabiashara, ambaye ndiye mlalamikaji. Wakati ule nilikuwa nampelekea mke wake, Hellen, samaki kila Jumatano. Bwana Chenge hakuwepo, alikuwa safarini Dar es Salaam. Nje ya geti, kando ya shimo la taka, nilikuta friji jeupe limesimama kwenye majani. Halikuwa na mota. Juu yake lilikuwa na alama ya kuungua, kama mtu aliwahi kuweka pasi ya moto. Ndani mlikuwa na mende.

Nilimuuliza mlinzi, aitwaye Yahaya, friji lina nini. Alisema, "Mama kalitoa tangu juzi. Limekuja jipya."

Nikiwa bado pale, Nkwabi alifika na mkokoteni wake. Aliliangalia, akapiga hodi getini. Hellen alitoka mwenyewe. Maneno yao niliyasikia, nilikuwa hatua tatu tu kutoka pale.

Nkwabi alisema, "Mama, hili friji mmelitupa au mmeliweka?"

Hellen alisema, "Tumelitupa. Lichukue, baba, utakuwa umenisaidia. Limenijazia mende jikoni."

Nkwabi akauliza tena, "Mwenye nyumba anajua?"

Hellen akacheka, akasema, "Mwenye nyumba si ndiye mimi?"

Basi Yahaya na mimi tulimsaidia kulipandisha kwenye mkokoteni. Huyo Yahaya aliacha kazi mwezi Julai, nasikia alikwenda Geita kwenye machimbo, na mahali alipo sipajui. Ndiyo maana nimekuja mimi.

Afande ameniambia nieleze habari ya friji tu. Lakini habari ya friji haiishii hapo.

Mwezi ule mimi nilikuwa naelekea kushindwa. Viwanda vya minofu vinachukua samaki wote wazuri, sisi wanawake tunabaki na wadogo, na wadogo wanaharibika upesi. Mara mbili nilikuwa nimemwaga beseni zima. Wiki moja baada ya siku ile, Nkwabi alikuja nyumbani kwangu na lile friji. Sikulitambua. Alikuwa amelisafisha kwa majivu na kulipaka rangi ya bluu, isipokuwa juu, rangi ilikuwa imemwishia. Mlango alikuwa ameufunga mpira wa tairi pembeni ili usipitishe hewa. Pale nyuma ilipokuwa mota alikuwa amejaza maboya ya nyavu, vipande vya godoro na soli za kandambili, vyote vya kuokota, akavifunika kwa bati na kukaza kwa misumari.

Aliniambia, akiniita mama kwa Kisukuma, "Mayu, hili halitapoza tena. Lakini ukiweka barafu ndani, joto halitaingia. Samaki wako watalala mpaka kesho."

Nilimwambia sina cha kumpa. Akasema nimpe samaki mmoja siku biashara ikikaa vizuri. Kuanzia siku hiyo sikumwaga samaki tena. Nilianza kwenda visiwani kununua mwenyewe, friji likiwa ndani ya mtumbwi.

Mnamo tarehe 9 Septemba 1995, Jumamosi, nilikuwa narudi kutoka kisiwa cha Kome kwa mtumbwi wa injini. Tulikuwa watu watano: nahodha Josephat, mimi, Mboni ambaye anauza mitumba, binti yake Nusrat wa miaka mitatu, na Mwalimu Pius aliyekuwa anakuja mjini kufuatilia mshahara wake. Friji lilikuwa katikati, limejaa sato na barafu.

Majira ya saa tisa na nusu alasiri, mawe ya Mwanza yakiwa yanaonekana kwa mbali, upepo ulibadilika ghafla. Wimbi la kwanza liliingiza maji mpaka kwenye magoti. Tulichota kwa mikono na kwa beseni langu. La pili lilizima injini. La tatu sikuliona. Nilijikuta chini ya maji, na nilipotoka mtumbwi haukuwepo.

Mimi sijui kuogelea. Nimezaliwa karibu na ziwa na sijui kuogelea. Nilishika kitu cha kwanza kilichogusa mkono wangu, na kilikuwa ni ukingo wa friji. Lilikuwa limelala chali, mlango juu, linazama na kuibuka kwa sababu ya uzito wa samaki. Josephat alipiga kelele, "Fungua! Mwaga!" Nilivuta mlango nikawatoa sato wangu wote kwa mikono, mmoja mmoja, halafu wote pamoja. Mtaji wangu ulielea pembeni yangu matumbo juu. Friji likainuka. Josephat akaurudisha mlango na kuufunga kwa kamba.

Mboni alikuwa amemnyanyua mtoto kwa mkono mmoja huku yeye mwenyewe anakunywa maji. Mwalimu Pius ndiye aliyemchukua mtoto akamweka juu ya friji. Akamwambia, "Kaa hapo, usicheze." Mtoto akakaa.

Tukashika wanne, kila mtu upande wake. Kwa wanne lilikuwa linashuka, maji yanamfikia mtoto kiunoni. Mwalimu aliliona hilo. Alisema, "Nyie kaeni. Mimi najua kuogelea, nitaleta watu." Josephat alimkataza. Mimi pia nilimkataza, lakini si kwa nguvu, na hilo ndilo linalonisumbua. Aliondoka kuelekea kwenye mawe. Tulimwona kichwa kwa muda, baadaye hatukumwona.

Tulikaa majini mpaka saa kumi na mbili jioni. Mboni alikuwa anasoma dua, mimi nasali rozari kwa vidole, na Josephat alikuwa anatuita majina kila baada ya muda kidogo ili tuitike. Mtoto alisinzia. Nilishika mguu wake ili asiteleze. Nilikuwa nahisi kwa mkono wangu mwingine lile bati la nyuma, na misumari, na nilikuwa nahesabu misumari. Ilikuwa kumi na minne. Hakuna hata mmoja uliolegea.

Wavuvi wa dagaa waliokuwa wanatoka kwenda kutega ndio waliotuokota. Walipotaka kuliacha friji, Mboni aliwaambia haondoki mtu hapa bila hicho kitu. Wakalifunga nyuma wakalivuta.

Mwili wa Mwalimu Pius ulipatikana Jumatatu. Tulimzika Jumanne, tarehe 12. Familia yake nimewaeleza alivyofanya. Mama yake alitaka kujua alisema nini mara ya mwisho, nikamwambia.

Sasa nafika kwenye kosa langu. Jumatano tarehe 13 watu wengi walikuja Mwaloni kuliangalia friji, lilikuwa limewekwa kwenye mchanga karibu na mnada. Waliuliza limewezaje kuelea na watu wote hao. Mimi nilikuwa na furaha ya kuwa hai. Nilisimama juu ya kreti nikasema kwa sauti kubwa kwamba aliyelitengeneza ni Nkwabi Malale, anakaa pale juu kwenye mawe, nendeni mkamshukuru. Nilimtaja kwa kumshukuru. Bwana Chenge alikuwa mmoja wa waliosimama pale. Aliona alama ya pasi juu yake. Alisema, "Hili ni friji langu, liliibiwa mwezi wa sita, na nina RB ya polisi." Saa nane mchana askari walikwenda kumchukua Nkwabi. Sikio lake la kushoto halisikii kwa sababu ya kelele za kiwandani, hakuitika alipoitwa, wakadhani anakaidi. Watoto walimfuata njia nzima wakiimba mwizi.

Simlaumu Bwana Chenge. Aliporudi safari aliambiwa kuna wizi, akaandikisha alichoambiwa.

Jana, tarehe 14 Septemba, saa tatu asubuhi, nilikwenda Isamilo. Hellen alinifungulia. Aliniambia, "Mama samaki, pole kwa maafa." Nikamwambia asante, lakini sijaja kwa pole. Nikamuuliza kama anakumbuka siku ile getini. Alisema mume wake alikuwa ameahidi kulipeleka kwa mama yake kijijini, na mume alipomuuliza liko wapi, yeye Hellen aliogopa, likamtoka neno wezi. Alidhani yataishia hapo.

Alisema, "Nikisema leo, ataniona mwongo kwa miezi mitatu yote."

Nilimwambia, "Dada Hellen, mimi nimekaa kwenye maji tangu alasiri mpaka jioni nimeshika ulichokitupa. Na mzee Nkwabi sasa hivi amelala kwenye sakafu ya mahabusu. Sikuja kukugombeza. Nimekuja kukushukuru na wewe. Usingelitoa jikoni kwako, mimi na yule mtoto tungekuwa tumezikwa pamoja na Mwalimu."

Alilia. Aliniomba nimwache, nikaondoka bila kujua kama atakuja kituoni.

Usiku sikulala, nikaamua nije mwenyewe asubuhi. Najua neno la muuza samaki ni dogo mbele ya karatasi ya mfanyabiashara. Lakini macho yangu yalikuwepo getini. Kama sheria inasema mtu aliyeokota kwa ruhusa ni mwizi, basi na mimi niliyesaidia kulipakia niandikwe hapo pembeni yake. Naomba pia aruhusiwe kupokea chakula nilichomletea, ni ugali na sato wa kuchoma. Ni yule samaki niliyekuwa sijampa.

Hayo ndiyo niliyoyaona na kuyafanya, nimeyasema bila kushurutishwa, nimeyasoma mwenyewe na kuona ni sawa.

Sahihi ya shahidi: M. Shimba

MAELEZO YA ASKARI

Maelezo haya nimeyaandika mimi, Koplo Ngosha, kwa maneno ya shahidi mwenyewe. Amekataa kuondoka, amekaa kwenye benchi la nje. Chakula kimepokelewa na mtuhumiwa amepewa.

Nyongeza, saa 5:15 asubuhi: Bi. Hellen Chenge amefika kituoni pamoja na mumewe na kuandika maelezo yake, akikiri kuwa friji alilitoa yeye kwa hiari. Mlalamikaji ameomba kufuta shauri, mkuu wa kituo ameridhia.

Saa 6:05 mchana: Nkwabi Malale ameachiwa. Friji lililokuwa kielelezo amekabidhiwa shahidi. Wakati wa kulitoa, mlalamikaji aliniuliza kama ni kweli kuna mtoto alikaa juu yake. Nilimjibu kuwa ni kweli, wa miaka mitatu. Alivua koti, akashika upande mmoja. Bwana Nkwabi alishika mwingine.