Mume Wangu Anadhani Nina Mwanamume, Kumbe Nina Mto

Mshauri mpendwa, nakuomba unisikilize mpaka mwisho kabla hujanicheka, maana mimi ni mwanamke wa miaka hamsini na saba, napika chakula cha shule hapa bonde la mto Okuna, nimeolewa miaka thelathini na miwili, na tangu mwezi wa nane namdanganya mume wangu kila Alhamisi.

Mambo yalianzia kwenye chama chetu cha watengenezaji wa sanamu ndogo za vita, ambako mwanamke ni mimi peke yangu, na mwaka huu nimeamua kutengeneza jeshi la kale likivuka mto wetu, askari mia mbili, kila mmoja urefu wa kiungo cha kidole, na farasi thelathini, kwa ajili ya maonyesho ya mwezi wa kumi na moja. Mwenyekiti wetu, Bwana Hirabayashi, alishatengeneza uvukaji huohuo akapata tuzo, lakini kila nikiutazama najiuliza, mbona hawa wanavuka mto kama wanavuka barabara, tena kwenye kona ambako maji yanachimba, farasi gani angepita hapo? Nilipomwuliza alinijibu mbele ya watu, "Mama, wewe koroga supu, maji tuachie sisi." Wakacheka wote. Basi hapo ndipo nilipowaka!

Nikaenda hekaluni kuomba ramani ya zamani ya mashamba, kasisi akanikunjulia, nikaona kipande kimoja kando ya mto kimeandikwa Umagoe, yaani Pavukafarasi, mshauri, nilipiga ukelele mpaka kasisi akaangusha miwani! Kesho yake nikanunua suruali ya mpira ya wavuvi, ile inayofika kifuani, ya kiume kwa sababu ya kike haikuwapo, nikachukua mwanzi nikaufunga utepe mwekundu kila sentimeta kumi, nikaingia. Na kipo! Kivuko kipo mpaka leo! Kinakwenda mshazari juu ya mgongo wa kokoto, maji yametandaa yanacheza viwimbi, hayapiti paja, na nikaelewa kwa miguu yangu mwenyewe kwa nini farasi waliwekwa upande yanakotoka maji, wavunje nguvu ya mkondo, na watembea kwa miguu wakapita upande wa pili, maji yanakoelekea. Sentimeta sitini za mtoni ni milimita nane tu mezani kwangu, lakini milimita hizo nane nimezitafuta kama dhahabu. Narudi nyumbani naimba.

Shida ni mume wangu, Baba Mio. Kwa miaka thelathini alikuwa akiendesha milango ya bwawa huko juu, yeye ndiye aliyepiga king'ora kila maji yalipofunguliwa, na mwaka mmoja alisaidia kumtoa mvuvi aliyechukuliwa na maji, akarudi akaapa kwamba mtu wa nyumba hii hatatia mguu mtoni maadamu yeye anapumua. Kwa hiyo namwambia nakwenda kuoga kwenye chemchemi ya maji moto na wenzangu wa jikoni.

Alhamisi iliyopita king'ora kililia nikiwa nimebakiza theluthi ya mwisho, nikasema ngoja nipime mara mbili tu, mshauri, maji yaliinuka kama mtu anayenyanyuka kitini, yakanibeba hatua kumi, mwanzi ukanasa kati ya mawe, na huo ndio ulioniokoa. Nilitoka nimelowa na, nitasema kweli, nafurahi, maana daftari la vipimo, nililolifunga kwenye nailoni kifuani, lilikuwa kavu.

Sasa Baba Mio ameikuta ile suruali nyuma ya ghala.

"Mama Mio, hii ya nani?"

"Ya... nimeazima."

"Humu unaingia mara mbili. Umeazima kwa mwanamume gani?"

Nikacheka, mshauri! Kicheko kilinitoka tu, na hicho ndicho kilichoharibu. Tangu siku hiyo anakula bila kuinua macho, amehamia chumba alichokiacha binti yetu alipoolewa, na jana nimemsikia anamwuliza dada yake kwenye simu kama nyumbani kwake kuna nafasi ya kulala. Nikisema ukweli napoteza mto, nikinyamaza nampoteza yeye. Maonyesho yamebaki wiki tatu. Nifanyeje?

Mwenye Suruali ya Mpira

*

Mwenye Suruali,

Barua yako nimeisoma nimesimama, kisha nikaisoma tena nimekaa. Hongera kwa kivuko. Ningekuwapo hekaluni tungepiga ukelele pamoja. Sasa tulia nikuseme.

King'ora kilipolia ulikuwa na kazi moja, kutoka. Wewe ukabaki kupima. Umefikiri ni nani angekuja kukutafuta kwenye mawe? Yuleyule aliyemtoa mvuvi. Halafu unaniambia daftari lilikuwa kavu! Aibu, mama mzima.

Na hilo la kupoteza mto, nani kakwambia? Umekwenda kwa kasisi, umekwenda kwenye ramani, na mtu aliyeusoma mto huo kila siku kwa miaka thelathini anakula wali mbele yako, hujamwuliza hata neno. Anajua mwezi gani kokoto huchomoza na saa ngapi maji hushuka. Umemficha jambo moja ambalo angelijua kuliko chama chenu kizima.

Leo, usingoje Jumapili, chakula kikiisha weka mezani suruali, mwanzi na daftari. Anza na Alhamisi, yote, na hatua kumi zibaki kumi. Atafoka. Mwache afoke, ana haki, na safari hii usicheke. Mwombe msamaha kwanza, ndipo umwonyeshe askari wako. Mtoni usiingie tena bila jaketi la kuelea, kamba, mtu ukingoni, na kuuliza ofisi ya bwawa asubuhi ileile. Akikataa kabisa, theluthi iliyobaki ikisie ukiwa ukingoni. Hakuna atakayekuja na rula, na Hirabayashi hakupima hata kidogo.

Miaka yote hiyo kazi ya mumeo ilikuwa kufukuza watu majini. Sidhani kama kuna aliyewahi kumwuliza pa kuvukia. Mwulize wewe. Na akinyamaza, usikimbilie kuongea. Mtu aliyezoea kutazama maji hukawia kidogo kabla hajajibu.