Mume Wangu Ananililia Msiba na Niko Hai

Kwako Seline, mshauri wa gazeti,

Mimi ni Hadia wa hapa Kianda, Kibera, na jina langu usilifiche kwa sababu sijaiba cha mtu. Shule niliachia darasa la tatu, kwa hivyo usinijibu na maneno makubwa, nataka kuambiwa niende au nikae.

Mume wangu Osman ana ugonjwa wa kusahau, daktari alituambia, na mambo ya kusahau nilikuwa nimeyazoea, mara ameweka viatu kwa sufuria, mara anasema wapangaji wamemwibia kofia na kofia iko kichwani, hayo nilikuwa nacheka, lakini sasa amenisahau mimi. Anasema Hadia wake ni kijana, mimi ni mama wa watu nimeingia tu. Nikija na chakula anabeba kiti anatoka nje kukaa kibarazani, hata mvua ikinyesha, kwa sababu yeye ni mtu wa dini na hawezi kukaa ndani peke yake na mwanamke asiye wake. Ananiambia kwa heshima kabisa, "Mama, mlango uache wazi. Mke wangu akirudi atasema nini?" Mimi niliyemzalia watoto. Nikamletea picha ya harusi, akaitazama, akasema ndiye huyu, akatoka nayo kuuliza wapita njia kama wamemwona.

Basi juzi juzi hapa alikataa kula, anamngoja Hadia, na Jentrix mpangaji wangu alikuwa hapo kwa kamba ya nguo anacheka, hasira ikanipanda nikamwambia, "Hadia wako alikufa. Kula." Seline, yule mzee alikaa chini kwa simiti. Hakupiga kelele. Aliuliza tu mbona hakuitwa kwa mazishi. Tangu hapo ameelekea ukuta, chai inapoa, haogi, anainua mikono ananiombea dua mimi, na mimi nimesimama hapo na sahani yake. Nikimwambia nilidanganya haniamini, nikimgusa anarusha mkono, Ijumaa alinipiga shavu, yeye ambaye hajawahi. Amekonda.

Binti yangu Sumaya anasema nihamie kwake Kawangware, kijana wetu Walid abaki na babake. Nguo nimeshafunga. Mtu akishakuzika, unabaki kwake ukifanya nini? Jibu haraka.

Hadia

Mama Sumaya,

Pole. Kupigwa na mtu unayemlisha kunauma, na kusahauliwa naye kunauma zaidi. Lakini nitakugombeza, maana naona wewe si mtu wa kubembelezwa. Mgonjwa umemfishia mke wake ili ale? Mengine yote yanamtoka kichwani, huzuni hiyo imebaki, na ni wewe uliyemtwika.

Na hilo la mlango unaliona tusi. Mzee hajui tuko mwaka gani, na bado anachunga heshima ya mkewe. Ni yako hiyo anayoichunga.

Sasa sikiliza. Mpelekeni kliniki wiki hii, msingoje Walid apate nafasi. Kukataa chakula, kuelekea ukuta, kurusha mikono, hiyo si jeuri, na atakayekuambia ni majini mwonyeshe njia ya kutoka. Mwenye ugonjwa wa kusahau hushikwa pia na ugonjwa wa huzuni, na huo una matibabu. Waombe wampime mkojo, waangalie kama kuna mahali panamuuma, maana maumivu asiyoweza kuyasema huyatoa kwa mkono. Waeleze yote, hata ulichomwambia. Usione haya, wamesikia makubwa zaidi.

Picha weka kabatini. Kubishana naye wewe ni nani, koma. Jifunike vizuri, bisha hodi, mlango uuache wazi kabla hajakuambia, Walid au jirani mwanamume awe ameketi naye. Halafu mwambie, "Hadia yuko mzima. Amenituma nikuletee chakula, amesema ule." Hakuna uongo hapo hata punje. Akikataa, toka bila kelele, urudi baadaye na maneno hayo hayo. Leo hataamini, kesho pengine ataonja. Kuoga aogeshwe na Walid, nani hataona haya kuvuliwa nguo na mama wa watu? Akiinua mkono, rudi nyuma, usimshike.

Jentrix mwite, umweleze ugonjwa huu ana kwa ana. Akicheka tena, nyumba ni yako, sina la kukufundisha.

Umeuliza uende au ukae. Kaa. Lakini Jumamosi nenda kwa Sumaya ukalale, upikiwe na wewe, ulie kama unataka, na Jumapili urudi. Fanya hivyo kila wiki na Walid azoee zamu yake, ni babake. Mzee anamngoja mkewe, na habari za mkewe hakuna mwingine aliye nazo. Mpelekee leo.

Seline